Miwani ya Mzee Sheshe

Hapo zamani za juzi, wanyama wa Ilemba, bondeni chini ya Lyamba lya Mfipa, waliafikiana kwamba asiyejua kusoma nyayo hafai kuishi karibu na Ziwa Rukwa. Wakafungua shule kwenye matope ya ufukweni. Ualimu mkuu akapewa Nyani, aliyeteremka mlimani na fimbo yake. Uenyekiti wa kamati akapewa Mzee Sheshe, mwenye pembe nzuri na desturi ya kukohoa kabla ya kusema.

Mwanawe, Kasheshe, alikuwa darasa la nne. Ukimsimulia hadithi leo, mwezi ujao anakurudishia neno kwa neno. Mamba akijigeuza majini, Kasheshe alijua ni yupi kwa mlio wa maji tu. Lakini akiinamia matope, nyayo zilimchezea: wa kulia aliuona wa kushoto, wa kwenda aliuona wa kurudi, na mstari ambao wenzake waliumaliza kwa pumzi moja ulimweka mpaka jua likazama.

Tiba zikaanza. Nyani akamchapa kwa uvivu. Shangazi akasema karogwa. Mama akampeleka kwa Tai kupimwa macho, Tai akasema macho hayana kasoro. Basi akachapwa tena, safari hii kwa kuwa na macho mazima.

Korongo, ambaye huhamia huku baridi ya Ulaya inapokaza, akaomba nafasi mkutanoni. "Jamani, haya si mageni. Uingereza, mwaka 1896, daktari Pringle Morgan aliandika habari za kijana wa miaka 14, mwepesi wa akili, hodari wa hesabu, ila maandishi yalimshinda. Siku hizi huitwa disleksia. Si ujinga wala uvivu, na mara nyingi huwa ni ya ukoo."

"Ya ukoo?" Mzee Sheshe akaruka. "Kwetu hakuna mjinga, tangu enzi za babu!"

Wajumbe wakapiga makofi. Korongo akaambiwa hayo ni ya Ulaya, Ilemba fimbo bado zipo.

Bibi Kobe hakupiga makofi. Jioni akamwita mtoto. "Njoo, mjukuu wangu. Kwani tunawahi wapi?" Akamshika kwato, wakaufuatisha unyayo mmoja kwenye mchanga mbichi huku wakiutamka kwa sauti, wakaufuta, wakauchora upya. Kila siku unyayo mmoja, na wa jana hurudiwa kwanza. Mvua zilipokatika, Kasheshe alisoma mstari mzima, polepole, bila kubahatisha.

Upimaji wa darasa la nne ukafika. Kasheshe alikuwa katikati ya mtihani Nyani alipotangaza muda umekwisha.

"Aliyoyajibu yote ni sahihi," Kobe akasema.

"Bibi, hapa hatupimi usahihi. Tunapima mbio."

Wazazi wakaitwa. Kobe akamwomba mwenyekiti awasomee matokeo. Mzee Sheshe akakohoa, akajipapasa kifuani.

"Miwani nimeisahau nyumbani."

"Baba," Kasheshe akauliza bila hila, "tuliinunua lini?"

Kiboko akazama. Ngiri akakumbuka ana palizi ya ufuta. Nyati akaeleza, pasipo kuulizwa, kwamba hata miwani yake ilivunjika. Nyani akawahi kufunga kikao: Kasheshe akariri darasa, baba yake apongezwe kwa uongozi bora. Muhtasari ukaandikwa, wajumbe wote wakagonga kwato kuuthibitisha, na hakuna aliyeomba ausome kwanza.

Alfajiri, kabla kwale hawajalia, Bibi Kobe alimkuta mwenyekiti mlangoni. Alikuwa amekuja kwa njia ya kuzunguka, na alikuwa na ombi moja tu: kamati isijue.

"Haitajua," Kobe akamjibu. "Ila kaa kwenye foleni, Mzee. Wenzako wa kamati wako nyuma ya kichaka tangu usiku."