Namna ya Kujenga Ofisi ya Kata Nyabiyonza kwa Mtindo wa Roma

Kama unaona ofisi ya kata yatosha kuwa na vyumba vichache, bati jipya na benchi la wanaosubiri, basi wewe huna maono. Nyabiyonza inastahili jengo kama Jumba la Sheria la Roma, ambalo Warumi wenyewe walishindwa kulivumilia, wakalibandika jina la Palazzaccio: jumba baya.

Anza na kiwanja. Asiyejua hukimbilia kilimani, na hapa kwetu Karagwe vilima havituishii. Wewe teremka bondeni, kwenye tope linalofaa magimbi. Msanifu Guglielmo Calderini alilijenga la Roma kando ya mto Tiber, juu ya udongo ulioletwa na mafuriko, ikabidi jumba litandikiwe zege zito kabla ya kuinuka. Walipochimba msingi mwaka 1889 walikuta jeneza la jiwe la msichana wa Kirumi, Crepereia Tryphaena, aliyezikwa na mwanasesere wa pembe ya ndovu mwenye viungo vinavyokunjika. Kwa maoni yangu, katika mradi ule wote hakikutoka kitu kizuri kuliko huyo mwanasesere. Nawe ukifukua chochote, hata chungu kilichovunjika, kitangaze. Wananchi watasahau kuuliza saruji imefika wapi.

Makadirio ya gharama yaandikwe kwa penseli. Jumba lilizinduliwa 1911, miaka 22 baada ya jiwe la msingi, na mwaka uliofuata bunge likaunda tume kuchunguza fedha zilivyotumika. Jifunze hapo: tume iingizwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, na posho za vikao na mafuta ya gari lake.

Kuta zisiwe za tofali za kuchoma. Agiza mawe ya travatini, kisha usiache hata kipande kitupu: kila dirisha lipate nguzo, kila nguzo ipate shada. Nje Warumi walisimamisha sanamu za wanasheria wao wa kale, akina Cicero na Papinianus. Sisi tutaweka wazee wa baraza la kata, mmoja wao akisinzia, kwa ajili ya uhalisia. Juu kabisa ya jumba lao kuna gari la vita la shaba linalovutwa na farasi wanne, kazi ya Ettore Ximenes, lililopandishwa 1926, wakati mahakimu walishazoea kufanya kazi bila farasi. Farasi kwetu ni wageni. Ng'ombe wanne wenye pembe ndefu watafaa, fundi akikumbuka kwamba radi nayo inapenda pembe.

Ndani ndiko kwenye utaalamu. Anayekuja kulalamikia mpaka wa shamba la kahawa lazima kwanza ajione mdogo, kwa hiyo mpandishe ngazi pana, umpitishe kwenye ukumbi, umtoe uani, umrudishe ndani. Bibi mwenye magoti mabovu atamsamehe jirani yake kabla hajafika juu, na kesi itakuwa imekwisha. Kwenye ukumbi mkuu wa Roma, Cesare Maccari alichora ukutani historia ya sheria ya Kirumi. Wetu uchorwe historia ya mipaka, tangu omulamula wa kwanza, mti wa kuonyesha mpaka, kung'olewa usiku na kupandwa hatua tatu mbele.

Wapo watakaokupinga. Watakutajia Bweranyange, ambako Rumanyika, Mukama (mfalme) wa Karagwe, aliwapokea wasafiri wa Kizungu, Speke mwaka 1861 na Stanley mwaka 1876, katika makao ya msonge, miti na nyasi tupu. Watasema hazina yake ya mikuki na ng'ombe wa chuma ilikaa kwenye nyumba ya duara, na wageni waliondoka wakijua wamemwona mfalme. Usibishane nao sana, maana wanasema kweli. Waulize tu: nyumba ya nyasi itaundiwa tume gani?

Jengo likianza kutitia, usiwe na wasiwasi, ndivyo mtindo ulivyo. Kufikia 1970 la Roma lilikuwa limetitia hadi likahitaji matengenezo makubwa ya miaka mingi, na hadi leo ndimo inamokaa mahakama ya juu kabisa ya rufani ya Italia. Kwa hiyo tayarisha na daftari la mchango wa pili. La mchango wa kwanza liko tayari linakusubiri. Ukitoa, dai risiti.