Blanketi la Mpwani

Ndugu yangu mwenye mke na watoto, wewe utanielewa. Hapa Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ikifika Juni kila nyumba inaongeza mablanketi kitandani. Kwetu yanatolewa nje.

Mama watoto, ambaye sote tunamwita Bwana Shamba, hataki kusikia kwamba bustani nayo hupumzika wakati wa kipupwe. Usiku ukiwa hauna wingu wala upepo, ardhi inapoteza joto lake na baridi inashuka kutuama bondeni, na bonde lenyewe ndio uwanja wetu. Kwa hiyo mchana tunamwagilia, maana udongo uliolowa hutunza joto kuliko mkavu. Jioni tunachomeka vijiti, tunatandaza nguo juu yake zisiguse majani. Nailoni amepiga marufuku. Jani likigusana nayo linaungua kwa jalidi. Basi yanatoka mashuka, vitenge, hata koti langu la kanisani. Ila kabichi zake za zambarau kingoni mwa njia hazifunikwi, hizo baridi zinaijua. Asubuhi jalidi ikiwa imekaa kwenye mikunjo ya majani yake, utasimama uangalie hata kama umechelewa kazini.

Sasa akaja mdogo wangu kutoka Tanga. Watoto wamembandika jina la Mpwani, na ile kanzu yake nyembamba imewasaidia.

"Shemeji," akauliza siku ya kwanza, "kati yangu na maua, mgeni nani?"

Hakujibiwa. Usiku wa manane akatoka kimyakimya, akachukua blanketi moja.

Kulipokucha dalia zilikuwa nyeusi, zimelegea kama mchicha uliotoka chunguni. Bwana Shamba hakusema neno mpaka chai ikaisha. Watoto wakashika panga wazikate, lakini mama mkwe, Bibi Makete wetu, akawazuia mlangoni. Viazi vya dalia viko hai chini, akasema, na hayo majani yaliyokufa yanavikinga. Msiguse mpaka baridi iondoke. Kisha akawatuma wakaongeze samadi na majani makavu kwenye mashina ya waridi. Wakaenda. Nami nikaenda.

Jumamosi Bwana Shamba akarudi kutoka mnadani na blanketi zito la mtumba. Mpwani akalipokea kwa mikono miwili, akishukuru.

"Hilo ni la waridi, shemeji," akaambiwa. "Lako limeanikwa kambani."