Haumi, Anacheza Tu: Mwongozo kwa Wenye Mbwa Wanaokwenda Kupanda Miamba

Tuanze na hesabu. Kupanda mwamba kwa kamba kunataka watu wawili. Mmoja yuko juu anatafuta pa kushika na pa kukanyaga. Mwingine yuko chini ameishika kamba itakayomdaka mwenzake akiteleza. Huyu wa chini hana mapumziko. Mkono wake wa breki hauachii kamba hata nyuki akimtua puani. Sasa, kati ya hao wawili, nani anamwangalia mbwa? Hakuna. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya mwongozo huu ni fupi: mkiwa wawili, mbwa abaki nyumbani. Mkiwa watatu, na yule wa tatu amekubali kwa hiari yake kwamba zamu hii hapandi, hashiki kamba na hapigi picha, karibuni na mbwa wenu. Ukiishika kanuni hii, nyingine zote nitakazozitaja utazifuata bila kusukumwa.

Najua wapo watakaonuna. Kila mwenye mbwa ana hakika kwamba kanuni zilitungwa kwa ajili ya mbwa wa jirani. Wa kwake ana adabu, anasikia, na tangu azaliwe hajamgusa mtu. Ukikaa Jumapili moja yenye jua chini ya Stanage, ule ukingo wa mwamba wa mchanga mgumu unaoenda karibu kilomita 6 juu ya kijiji cha Hathersage, Uingereza, utakutana nao wote. Yupo Bwana Haumi. Yeye yuko mita 10 juu ukutani, miguu inamtetemeka, na bado anapata pumzi ya kupaza sauti, "Usiogope, haumi!" huku chini mbwa wake amempandishia mgeni miguu ya mbele kifuani. Yupo Bibi Anacheza Tu, ambaye mbwa wake anacheza na mkate wako, anacheza na kiatu chako cha kupandia, na sasa anacheza na mtoto wako anayelia. Na yupo Kijana Atarudi Mwenyewe. Mbwa wa huyu hatujamwona, lakini bonde zima linalijua jina lake, maana linaitwa kila baada ya dakika tano.

Hawa si watu wabaya. Wanawapenda mbwa wao kwelikweli, na mbwa anayetembezwa milimani ni mbwa mwenye afya na furaha. Tatizo ni kwamba mwambani mapenzi hayo yanalipiwa na mtu mwingine, na mara nyingi mtu huyo yuko hewani.

Mtazame mshika kamba aliyefungiwa mbwa kiunoni. Mnyororo umenasishwa kwa karabina, ile pete ya chuma yenye mlango, ubavuni mwa mkanda wake wa kupandia, na mbwa amelala miguuni pake, ametulia tuli. Mwenzake juu ametoka kuchomeka chuma kwenye ufa, amekivuta kukijaribu, na sasa anataka kamba ya kutosha aipitishe kwenye karabina. Mshika kamba anaachia nusu mita. Hapo kondoo anakohoa nyuma ya jiwe. Mbwa anaruka, kiuno cha mshika kamba kinageuka, mguu mmoja unatumbukia kati ya mawe, na ile nusu mita ya kamba inarudi chini kwa mkupuo. Aliye juu anavutwa kutoka ukutani wakati mkono wake mmoja tu ndio umeshika. Mpandaji hakukosea ufundi, wala mshika kamba, na mbwa naye amefanya kazi aliyozaliwa kuifanya. Kosa ni la aliyemfunga pale.

Kwa hiyo usimfunge mbwa kwenye mwili wa mshika kamba. Usimfunge kwenye mkoba wa vifaa, ataondoka nao. Usimfunge chini kabisa ya mwamba pia, kwa sababu huko ndiko kunakoangukia kila kitu: kokoto, karabina zilizoponyoka, chupa za maji, na wakati mwingine mpandaji mwenyewe. Wewe una kofia ngumu kichwani, yeye hana. Na kamba iliyorundikwa ardhini si mkeka wake. Akiikanyaga na kuilalia, chembe za mchanga hupenya kwenye ganda la kamba na kukaa kati ya nyuzi, na kila kamba inapobeba uzito, chembe hizo huzikata nyuzi kidogo kidogo. Tandika turubai chini ya kamba, na umpe mbwa blanketi lake mbali nayo.

Wengine watasema, basi nitamfunga kwenye mti, kando kidogo. Pale Stanage yapo hata mawe ya kusagia yaliyochongwa zamani na kuachwa chini ya ukingo, mazito kiasi kwamba hakuna mbwa wa kuyaburuta. Mbwa wachache watalala hapo mpaka jioni. Wengi hawalali. Kwa akili ya mbwa, bwana wake amechukuliwa na mwamba na inabidi aokolewe kwa kelele. Kelele hizo ni hatari, si kero peke yake, kwa sababu aliye juu na aliye chini wanaongozana kwa sauti. "Kaza!" "Legeza!" "Nimekushika!" Mshika kamba akisikia legeza pale alipoambiwa kaza, mtu anaanguka. Basi kabla hujamleta mbwa mwambani, mfunge uani kwako, panda ngazi mpaka juu ya paa asikoweza kukufikia, ukae huko nusu saa. Akibweka muda wote, jibu umelipata, na uliyemsumbua ni jirani tu.

Marekani walishaliona hilo. Kwenye hifadhi za taifa za huko, kanuni za serikali kuu zinataka mbwa awe kwenye mnyororo usiozidi futi 6, yaani kama mita 1.8, na zinakataza kumfunga kwenye kitu na kumwacha bila mtu, isipokuwa mahali palipotengwa. Joshua Tree, California, ambako wapandaji humiminika kila msimu wa baridi, mbwa haruhusiwi kwenye njia za miguu za porini. Anatakiwa asiende zaidi ya futi 100, takriban mita 30, kutoka barabarani, kambini au kwenye sehemu za kulia chakula. Miamba mingi iko mbali kuliko hapo. Soma masharti kabla hujafunga safari, maana ukishafika getini umechelewa, na kumwacha mbwa ndani ya gari jangwani ni kumuua.

Wapandaji wa mawe mafupi, wasiotumia kamba, wasidhani wamepona. Fontainebleau, msitu ulio kusini mwa Paris, watu hutandika magodoro mazito chini ya mawe ili waangukie juu yake. Mbwa akiona godoro limetandikwa kivulini hangoji kukaribishwa. Mtu anayeanguka kinyumenyume kutoka mita 3 haoni anapotua, na kilo 70 zikimshukia mbwa mdogo, wote wawili wanaumia: mmoja mbavu, mwingine kifundo cha mguu. Mwite mbwa wako atoke kabla mtu hajaanza kupanda. Na huko Ufaransa, kuanzia 15 Aprili hadi 30 Juni, mbwa anayetoka nje ya njia za msituni lazima awe kwenye mnyororo, kwa ajili ya wanyama na ndege wanaolea.

Uingereza na Wales kipindi hicho ni kirefu zaidi. Sheria ya mwaka 2000 iliyowafungulia wananchi milima na nyika iliweka sharti kwamba kuanzia 1 Machi hadi 31 Julai mbwa awe kwenye mnyororo usiozidi mita 2, na vivyo hivyo wakati wowote wa mwaka akiwa karibu na mifugo. Kondoo mwenye mimba akikimbizwa anaweza kuharibu mimba bila hata kuguswa na jino, ndiyo maana maneno "alikuwa anamkimbiza tu" hayamwingii mfugaji. Sheria nyingine, ya 1971, inampa mfugaji kinga akimpiga risasi mbwa anayeshambulia mifugo yake na hana njia nyingine ya kumzuia. Kijana Atarudi Mwenyewe, hii nimekuandikia wewe.

Yuko pia ndege mmoja wa pale Stanage ambaye sitaki mbwa amfikie. Ni mweusi, mdogo kuliko njiwa, ana utepe mweupe kifuani. Hupitisha baridi kwenye milima ya Atlas huko Moroko na kusini mwa Hispania, kisha machipuko yakifika hurudi kutaga. Kiota chake hukijenga kwenye nyufa na kwenye vichaka vya ukingoni, karibu na ardhi, palepale mbwa anapopenda kuingiza pua. Ndege hawa wamepungua Uingereza mpaka wakaingizwa kwenye orodha nyekundu. Wapandaji na wasimamizi wa Peak District, hifadhi yenye ukingo huo, hukubaliana kuziacha njia zilizo karibu na viota mpaka makinda yaruke, na mabango huwekwa. Mpandaji aliyeiota njia yake mwaka mzima, akasoma bango, akageuka bila kinyongo, kisha akamkuta mbwa wa mtu anachakura chini ya kiota hichohicho, ana haki ya kufoka. Mimi nitafoka pamoja naye.

Sasa nije kwetu. Wengi wetu tumekulia mahali ambapo geti limeandikwa Mbwa Kali na maandishi hayo ni ya kweli. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya watu wanaopata kichaa cha mbwa wameambukizwa na mbwa, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Mtoto wa Kitui au Mwanza aliyefundishwa kumwogopa mbwa asiyemjua amefundishwa vizuri. Leo ni mtu mzima, anasoma Sheffield, wenzake wa chuoni wamemwalika kupanda kwa mara ya kwanza, na hofu hiyo amekuja nayo. Kumpazia sauti "haumi" hakumsaidii. Bwana Haumi, wewe unamjua mbwa wako. Yeye ndiyo kwanza anamwona, tena anamwona anakuja mbio. Kitakachomtuliza ni kuona mkono wako umeushika mnyororo.

Halafu kuna kulamba. Mwenye mbwa akiona mnyama wake anamlamba mtu, anayeyuka kwa furaha. Lakini aliyelambwa huenda ni mtu wa Mombasa au Unguja anayefuata madhehebu ya Shafii, na kwake mate ya mbwa ni najisi: palipolambwa paoshwe mara saba, moja kwa maji yenye udongo, ndipo asali. Alasiri inakaribia, maji aliyokuja nayo ni chupa moja ya kunywa, na suruali ina mate mpaka gotini. Atakayekuwa na heshima atauliza mapema, mbwa akiwa bado ameshikwa: "Samahani dada, mbwa akusogelee au nimpitishe kule?" Dada akisema mpitishe kule, mpitishe kule. Usimdai sababu, na usimsimulie jinsi mbwa wako anavyolala na watoto kitandani.

Kuhusu kinyesi sina maneno laini. Kukitia kwenye mfuko wa plastiki na kuuning'iniza mtini ili "nitauchukua nikirudi" ni kuacha kinyesi na plastiki juu yake. Watu hurudi kwa njia nyingine, giza limeingia, mfuko unabaki unapepea. Na asikudanganye mtu kwamba ni mbolea ya bure. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walichapisha mwaka 2022 hesabu ya hifadhi zilizo jirani na mji wao: mbwa wanaacha kilo 11 za naitrojeni na kilo 5 za fosforasi kwa kila hekta kwa mwaka. Mimea iliyozoea udongo maskini hupotea ikirutubishwa hivyo, na nafasi yake huchukuliwa na magugu. Kinyesi hicho kinaweza pia kubeba vimelea vya Neospora, ambavyo ng'ombe akivila pamoja na majani huweza kutupa mimba. Zoa, funga, tia kwenye kopo lenye kifuniko, ondoka nalo. Ukiona kinyaa na mbwa ni wako, fikiria kinyaa cha anayekuja kutandika kamba yake hapo.

Kwa wanaopanda Kenya kazi ni rahisi. Hell's Gate, kule Naivasha, penye Fischer's Tower na kuta za korongo, ni hifadhi ya taifa, na mbwa wa nyumbani haruhusiwi kuingia, sawa na hifadhi nyingine za nchi hiyo. Anayelalamika akumbuke mwaka 1994, ugonjwa wa distempa ulipoua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Virusi vilihusishwa na mbwa wa vijiji vya jirani. Simba mzima mzima alikufa kwa ugonjwa ambao chanjo ya mbwa huuzuia. Hata pale unaporuhusiwa kwenda na mbwa, kama hajachanjwa usimtoe nje ya geti lako.

Imebaki habari ya chakula. Mbwa wako atakula cha mtu, maana mikoba iko wazi ardhini na wenyewe wako juu ukutani. Siku hiyo ikifika, usiseme "hajawahi kufanya hivi". Toa chakula chako mwenyewe, chote, chapati, mayai na ile ndizi uliyoificha mfuko wa pembeni, umkabidhi akishuka. Na kama ni mwezi wa Ramadhani na alikitunza kwa ajili ya kufuturu, acha kupanda, mpeleke mjini ukamnunulie kingine kabla ya Magharibi.