Pua Kwanza, Masikio Baadaye: Mhadhara wa Bingwa wa Popo

Waheshimiwa machifu, akina mama mnaoanika dagaa wa chisense mchangani, wavuvi wa Nchelenge na Kashikishi, nanyi wageni mliovuka Ziwa Mweru kutoka Pweto, nawapongeza kwa bahati yenu ya kunisikiliza. Wapo wenye vijicho wanaosema ukumbi umejaa kwa sababu uvuvi umepigwa marufuku tangu Desemba mpaka mwisho wa Februari, na watu hawana pa kwenda. Naipuuza hoja hiyo. Mada yangu ni popo wenye pua ya jani, na dai langu ni moja tu: popo huyu ameletwa duniani kuthibitisha kwamba kiumbe mwenye sauti na pua ya heshima hana haja ya kumsikiliza yeyote. Kuhusu uprofesa wangu, kwa wale wanaoulizauliza, nilijitunuku mwenyewe baada ya mashauriano marefu na mtu ninayemwamini.

Tuanze na ushahidi. Hipposideros caffer, aliyeelezwa kisayansi na Msweden Sundevall mwaka 1846, ana uzito wa gramu nane hivi, na sauti yake ya kuwindia haitoki mdomoni bali puani. Lile jani la nyama juu ya pua huikusanya sauti na kuielekeza mbele. Sauti yenyewe hufika kilohezi 140 hivi, ilhali sikio la binadamu hukomea 20. Kwa hiyo popo huyu hunena mfululizo gizani, na hakuna mtu aliye karibu naye anayeambulia hata neno. Nani kati yenu hakumbuki mihadhara yangu? Mpinzani atasema kufanana kwetu kunaishia hapo. Atasema nondo wengi husikia vizuri zaidi kati ya kilohezi 20 na 60, ndiyo maana popo huyu huwafikia kabla hawajashtuka. Yaani yeye hushiba kwa kutosikika, na mimi ninasikika hadi kisiwa cha Isokwe na sijakamata kitu. Hoja hiyo ina wivu ndani yake. Ataongeza kwamba sauti ya juu namna hiyo hufifia hewani baada ya mita chache. Sikatai, lakini sheria hiyo inawahusu popo.

Kuna pingamizi la zamani zaidi, na wasomi wachanga hulipenda mno. Mwaka 1793 Spallanzani, Mwitalia, aliwapofusha popo akaona wanaruka bila kugonga kitu. Safi kabisa! Ila mwaka uliofuata Jurine wa Geneva aliwaziba masikio, wakaanza kujigonga ovyo. Spallanzani alirudia jaribio hilo na kukubali kwamba mwenzake yuko sahihi, udhaifu wa tabia ambao mimi sina. Kisha Wamarekani wawili, Griffin na Galambos, wakaonyesha kwa vyombo kwamba popo hupiga sauti ili ausikilize mwangwi wake, na kwamba bila sikio ile sauti haina faida yoyote. Nimelipima jambo hili kwa makini na kuamua kwamba nusu ya kwanza ya ushahidi inatosha. Mpelelezi Livingstone naye alikuwa na udhaifu huo wa kusikiliza: alifika Mweru Novemba 1867 akiwa amesafiri na wafanyabiashara Waswahili na kuuliza wenyeji njia. Sishangai kwamba alichelewa.

Kuhusu wingi wa aina zao, nilipotangaza kwamba popo wote wenye pua ya jani ni ukoo mmoja, sikutegemea kwamba kuna mtu angeenda kuhakikisha. Ni kweli kwamba wale wa Amerika ya tropiki wana familia yao, yenye spishi zaidi ya 200, na kwamba hawa wetu wa Afrika, Asia na Australia wako karibu zaidi na popo wa pua ya kiatu cha farasi; jani limeota mara mbili, mahali mbalimbali, bila kuniuliza. Ni kweli pia kwamba yule mnyonya damu kwenye bango langu ni wa Amerika. Wanyonya damu ni spishi tatu, zote ziko huko, na hapa kwetu hakuna hata mmoja. Lakini bango limechapishwa kwa rangi. Hapa Afrika tunaye Cloeotis percivali, popo wa gramu chache aliyeelezwa mwaka 1901 kutoka Takaungu, pwani ya Kenya, ambaye sauti yake hupita kilohezi 200. Tunaye vilevile Macronycteris vittatus, jitu linaloning'inia tawini likingoja mbawakawa apite, linachomoka, linamnyaka, linarudi kuning'inia. Nayo ndiyo mbinu yangu ya utafiti, isipokuwa kule kuchomoka.

Wavuvi mtasema mmewaona wengi wakizunguka taa zenu za chisense usiku. Popo wale warukao juu, kwenye hewa wazi, ni wa familia nyingine. Hawa wangu wana mabawa mapana na huruka polepole karibu na vichaka. Nimewafahamisha ili mjue kwamba anayekaa ziwani kila usiku anaweza kuzidiwa na anayelala. Ama ile ahadi ya kwenye tangazo, kwamba popo hawa watakomesha malaria Nchelenge, ichukuliwe kuwa ahadi ya kitaalamu. Chakula wakipendacho ni nondo na mbawakawa, na mbu wa Anopheles funestus anaendelea kuwauma mwaka mzima. Vyandarua lalieni, wala msivipeleke ziwani.

Nilikusudia kueleza kwa kina kwamba jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, na kwamba kundi likifukizwa moshi pangoni, au mti wake wenye uwazi ukikatwa kwa mkaa, miaka mingi hupita kabla halijarejea. Watu wanaosema hayo ndiyo yaliyokuwa muhimu wana haki ya maoni yao, lakini muda wote umeliwa na wasifu wangu. Mwenye swali aliandike kwenye karatasi na kuliweka hapa mezani. Nitalijibu kabla ya kulisoma.