Nyumbu Ana Sheria

Ziara ya mafunzo ya afya ya wanawake kaskazini mwa Tanzania huwa na ratiba inayojulikana. Siku ya kwanza wageni husikiliza mhadhara hotelini Arusha. Siku ya pili, asubuhi, hutembelea zahanati. Siku zinazobaki ni za Ngorongoro na Serengeti, maana simba naye ana haki ya kusikilizwa.

Zahanati huwapa somo zito. Kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua na kifafa cha mimba ni miongoni mwa wauaji wakubwa wa wazazi. Oksitosini, dawa ya kuzuia damu hiyo, hutakiwa kutunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, nguvu yake hupungua. Wageni huyaandika yote kwa makini, kisha hurudi garini, ambamo friji ya soda na bia haizimiki.

Kati ya Januari na Machi ziara huwakuta nyumbu wakizaa kwenye nyanda za kusini mwa Serengeti. Hapo masharti ni makali: hakuna kushuka garini, kupiga kelele wala kumbughudhi mnyama. Mzazi wa zahanati hapati ulinzi kama huo. Hupigwa picha kitandani, kanga ikiwa bado haijafungwa vizuri.

Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikadiria vifo vya uzazi Tanzania kuwa 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Vifo hivyo hupunguzwa na wakunga, damu salama na usafiri wa haraka. Ziara inayotaka kusaidia ianze kwa kuiacha friji yake zahanati.