Bando Limeisha kwa Herufi Moja

Hebu nisogezeeni benchi, nina uchungu. Jana usiku bando la GB 2 limenikatikia kwa ajili ya herufi moja. Moja, jamani!

Kuna programu huria ninayoisaidia kwa Kiswahili. Mwongozo wake kurasa 10 tu. Nikaona pameandikwa “hifadi” badala ya “hifadhi”. Nikasema kazi ya dakika moja hii: tia h, jenga mwongozo upya, kalale. Maana wenye mradi hawapokei rekebisho mpaka uonyeshe mwongozo umejengeka. Kumbe! Nilipotoa amri, kompyuta ikaanza kudai. Leta hiki. Hiki nacho hakiji bila kile, na kile kina wenzake watatu. Mwisho ikaitwa TeX Live, furushi zima la TeX, mfumo wa kupanga kurasa za kuchapa, ambayo ikija nzima ni gigabaiti kadhaa, ili itoe PDF ambayo sijaona mtu akiifungua. Saa saba usiku mstari umesimama asilimia 61, na ujumbe juu ya simu: kifurushi kimekwisha. Nilisonya mpaka mtoto akashtuka usingizini.

TeX haina kosa. Donald Knuth aliianzisha miaka ya 1970 ili vitabu vyake vyenye hesabu vichapwe kwa heshima, na kwenye kanuni za hesabu hadi leo inatesa. Ila mwongozo wetu hauna hata alama ya kipeuo. Tumeita winchi la bandarini lije kunyanyua ndoo ya maji.

Na bando ni sehemu ndogo tu ya hasara ya kubeba vitu usivyohitaji. Machi 2022, Jinja2, maktaba ya violezo inayotumiwa na programu nyingine, ilitoa toleo la 3.1 likafuta majina machache ya zamani. Sphinx, chombo kinachojenga nyaraka za Python yenyewe, matoleo yake ya nyuma yalikuwa yakiyaita majina hayohayo, na hayakuweka ukomo wa toleo la Jinja2. Watu wakaamka mwongozo haujengeki, na hawajagusa hata nukta.

Hiyo ni bahati mbaya. Ubaya wa kukusudia nao upo. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aliona kuingia kwenye mashine ya mbali kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Akachimba, akakuta mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana data, matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Sasa nisikilizeni vizuri: OpenSSH, programu inayotoa huduma hiyo ya SSH, yenyewe haina haja na xz. Baadhi ya wasambazaji wa Linux ndio walioiunganisha na maktaba ya systemd, msimamizi wa huduma za mfumo, ili tu itoe taarifa kwamba imeshawaka. Maktaba hiyo ikaja na xz mgongoni. Mtu anasema “mwongozo tu huo, una madhara gani?” Aka! Mara nyingi mashine inayojenga mwongozo ndiyo hiyohiyo inayojenga programu yenyewe na kushika funguo zake. Unayemkaribisha kuja kupaka rangi maandishi analala chumba kimoja na sanduku la hela.

Wapo waliolijua hili mapema. OpenBSD mwaka 2010 waliitoa groff, programu ya kupanga maandishi, kwenye mfumo wao wa msingi, wakabaki na mandoc, programu ndogo ya C inayosoma kurasa zao za msaada moja kwa moja. Debian nao wana alama ya “nodoc”: anayetaka programu bila nyaraka anajenga programu peke yake, habebeshwi mzigo wa mwongozo.

Leo asubuhi nimenunua bando la jero, nikafungua orodha ya vitegemezi. Nafuta kimoja, najenga, naangalia. Kulikuwa na cha kupaka rangi msimbo, na mwongozo mzima una mistari 3 ya msimbo. Kingine cha kuchora michoro. Mchoro wenyewe ulishaondolewa zamani, mchoraji akasahauliwa ndani. Vilikuwa 14, vimebaki 5, na kurasa zimetoka zilezile. PDF nimeitenga pembeni kwa mwenye shida nayo. Nimewatumia wenye mradi mabadiliko haya, na wakikataa nitawaandikia tena na tena, maana yupo binti huko Kibondo aliyeona kosa jingine kwenye ukurasa mwingine, na mfukoni ana jero hiyohiyo.

Ile h bado haijaingia. Nimeona nianze na hili.