Shemeji, Mizani na TB 2

Laptopu ya steshenari yangu ni ya enzi za Windows 7, na kwa muda mrefu ndiyo iliyokuwa ikiamua nani awe mteja wangu na nani awe wa jirani. Mtu anakuja mbio kutoka stendi ya Shinyanga, kaona tangazo la kazi mgodini Bulyanhulu, mwisho wa maombi ni leo, anataka barua ichapwe. Naiwasha. Kiduara kinazunguka kwenye kioo. Tunaongea mvua, tunaongea bei ya dengu, tunafika kwenye misiba. Wastaarabu huaga wakaondoka. Wengine huuliza kama inatumia dizeli.

Ugonjwa wenyewe haukuwa siri. Ndani mlikuwa na hadidiski ya zamani: sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, na kisindano kinachohangaika juu yake kutafuta vipande vya faili. Diski ya SSD, kinyume chake, haina kinachozunguka. Data iko kwenye chipu na inapatikana papo hapo. Kwa mashine kuukuu, sijaona dawa ya bei ndogo inayoleta nafuu kama hiyo. Balaa ni kwamba nililisema hili mbele ya shemeji.

Shemeji ananunua dhahabu Geita, na anaheshimika kwa jicho lake. Mchimbaji akimletea kipande, anakipima kwenye mizani, kisha anakipima tena kikiwa majini, maana dhahabu safi ni nzito mara 19 na ushei kuliko maji, na shaba haiwezi kuigiza hilo. Tangu soko la madini lifunguliwe Geita mwezi Machi 2019, anajivunia pia mashine ya mionzi inayosoma usafi wa dhahabu. Kwake, "wallahi" ya muuzaji haina hata gramu moja.

Mtu huyo huyo akashuka kwenye basi na SSD ya TB 2, kanunua kwa kijana anayetembeza chaja na redio. Bei yake ilikuwa chini ya ile ya GB 240 ya kampuni inayojulikana.

"Shem, hebu shika uone uzito."

Nikashika. Kweli ilikuwa nzito.

"Kitu halisi utakijua tu," akasema, na mikono akaikunja kifuani.

Bei ile peke yake ilitosha kunitia shaka, lakini zawadi ya shemeji hairudishwi mlangoni. Kuna programu ya bure ya Wajerumani, H2testw, inayoijaza diski data hadi pomoni kisha inaisoma upya kuona kama kilichowekwa bado kimo. Nikaianzisha jioni. Umeme ukakatika. Betri ya laptopu ilishastaafu zamani, tukaanza upya. Ukakatika tena. Shemeji kakaa pembeni anatafuna michembe, kila baada ya muda anauliza, "Imefika karati ngapi?"

Ilipovuka GB 60 hivi, kila kilichosomwa kilikuwa takataka. Chipu ilifundishwa uongo: inaiambia kompyuta kuwa nafasi ni TB 2, na ikishajaa inaandika juu ya vya zamani bila haya. Shemeji akaomba bisibisi. Ndani tukakuta kadi ya memori kama zile za simu, imebandikwa kwa gundi, na ubavuni mwake bapa la chuma. Akakichukua kile chuma, akakipimapima kiganjani, akakiweka mezani.

"Wabeja," akasema. Sijui alikuwa anamshukuru nani.

Niliyoitumia hatimaye niliinunua Kahama, kwa risiti: Kingston A400 ya GB 240. Shemeji alipoishika akalalamika kuwa ni tupu. Karibu apatie, kwa sababu kasha la inchi 2.5 limewekwa likubwa ili lienee mahali pa diski za zamani. Kilichomo ni kibao kidogo tu chenye chipu. Muuzaji alitaka kunipandisha bei kwa aina ya NVMe, yenye kasi ya ajabu, ambayo laptopu yangu haina hata pa kuichomeka. Yangu ina njia ya SATA tu, nayo inaishia kama MB 550 kwa sekunde, hata ukichomeka almasi ya Mwadui.

Wengine huumiza kichwa kwa kiwango cha data itakayoandikwa kabla diski haijachoka. Kwa diski yangu hii, kiwanda kinataja TB 80. Nikiandika GB 20 kila siku, ni kama miaka 11, na barua za kuomba kazi hazifikii huko. Mimi kinachonitisha ni kifo chake. Hadidiski inayokufa mara nyingi hugonga gonga kwanza. SSD hulala salama, asubuhi haipo. Nakala ya faili ni lazima.

Fundi naye alikuwa na lake: diski ina unene wa milimita 7, nafasi yake ni ya 9.5, ikawa inacheza. Akakata kipande cha boksi la sabuni, akakipachika. Kipo mpaka leo, na laptopu inawaka kabla sijamaliza kuitikia "mwangaluka" ya mteja.

Basi nawe ukienda kununua, beba laptopu yako, omba diski ijaribiwe pale pale kaunta, na namba yake iandikwe kwenye risiti. Muuzaji akikataa, mwage kwa heshima. Kahama maduka ni mengi.